Nimechumbiwa, na kuna asubuhi miguu yangu hukataa kuamka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 27, natokea mkoa wa Tanga. Nimechumbiwa. Mahari imeshatolewa na harusi imepangwa mwezi wa Shaabani, ili Ramadhani inikute kwangu. Ningetamani barua hii iwe ya kukuomba dua tu, lakini nina jambo ambalo mama amenikataza kulisema, na mimi sijui nitalinyamazia mpaka lini.

Mwaka juzi, alfajiri moja, niliamka niende kutawadha nikashindwa kunyanyuka. Akili ilikuwa timamu. Mama aliponishika vidole vya miguu niliuhisi mkono wake vizuri kabisa. Lakini miguu haikunitii, na nilipotaka kujiinua kwa mikono, mikono nayo ikawa mizito. Hata kichwa nilikitoa kwenye mto kwa tabu. Mama akaanza kunisomea. Jirani aliyekuja kusaidia akasema nimekumbwa, akataja na mbuyu niliopita chini yake jana yake magharibi. Kaka akakodi bajaji tukaenda kituo cha afya. Wakapima malaria, hakuna. Wakasema ni uchovu, wakanitundikia dripu ya glukosi, na baada ya dripu ile nikawa hoi zaidi, mpaka kupumua kukawa kazi.

Tukahamishiwa hospitali kubwa. Huko walipima chumvi za mwili, potasiamu ikasoma 1.9. Nesi alimwambia mama kuwa haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Wakanirudishia taratibu kwa mshipa huku nimefungwa waya za kupima moyo, na kesho yake jioni nikawa natembea wodini. Hapo ndipo maneno yalipozidi, Shangazi. Ugonjwa gani humpooza mtu alfajiri, kesho akatembea? Kwa majirani, kupona kule ndiko kulikothibitisha kuwa ni jini.

Nikarudi kazini, nikala ndizi na kunywa madafu kama nilivyoelekezwa. Miezi ikapita, hali ikarudi. Safari hii nilimpata daktari mmoja kijana aliyeniuliza maswali niliyoona hayana uhusiano na miguu. Nikila muhogo au mkate, mpaka nishushie na maji? Macho yanachoma kama yameingia mchanga? Nimeshang'oa meno mangapi? Nilishangaa kwa sababu yote yalikuwa kweli. Kwa miaka naamka usiku kunywa maji. Macho nilidhani ni vumbi la chaki. Meno nilikuwa nalaumu kashata za utotoni.

Nikapimwa mkojo na damu, macho yakapimwa kwa kikaratasi kinachopachikwa kwenye kope, na ultrasaundi ya figo ikaonyesha vichembe vya chokaa. Damu nyingine ikapelekwa Dar es Salaam. Mwisho nikaambiwa nina ugonjwa wa Sjögren: kinga ya mwili wangu inanishambulia mwenyewe, inakausha mate na machozi, na imegusa figo, ndizo zinazomwaga potasiamu. Nikauliza, figo zimekufa? Daktari akanionyesha kipimo cha kreatinini, kiko sawa kabisa. Sikuelewa figo inaumwaje na kipimo chake ni kizima. Natumia potasiamu, bikabonati na haidroksiklorokwini. Tangu nizishike dawa vizuri sijapooza tena.

Mchumba wangu hajui. Anajua niliwahi kulazwa, basi, na anadhani ilikuwa malaria. Ni mtu mpole, na tutaishi nyumbani kwao pamoja na mama yake. Mama mkwe wangu nampenda, ila ni watu wanaoamini sana waganga. Yuko hata mmoja katika ukoo wao mwenye kilinge chake. Mama yangu amenikatia shauri: "Maradhi ya mwanamke hayatangazwi kabla ya ndoa. Ukisema figo watasikia kaburi, ukisema kupooza watasikia jini. Olewa, ukishazaa watajua wakiwa wameshakupenda." Shoga yangu naye anasema nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya mwanamume wa watu.

Kuna na lingine. Daktari alisema katika damu yangu kuna kingamwili inayoweza kumfikia mtoto tumboni ikagusa moyo wake, na kwamba nikitaka kushika mimba nimwambie mapema. Nilitoka chumbani kwake bila kuuliza zaidi. Tangu siku ile nafikiria kuivunja posa kwa kisingizio chochote, nimwache apate mke mzima. Siku nyingine nafikiria niache dawa nione, labda nimeshapona.

Nimwambie? Na nikimwambia, nianzie wapi? Au nimsikilize mama?

Mwenye Kiu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya posa. Nakupa hongera mapema kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipojiruhusu kuifurahia.

Umeniuliza kama umwambie mchumba wako. Nikisoma vizuri naona swali hilo limebeba mengine mawili mgongoni. Unataka kujua kama unaweza kuzaa bila kumdhuru mtoto. Na unataka kujua kama wewe bado ni mke mzima, ila hili hujalitamka. Umelijibu mwenyewe kimyakimya pale uliposema umwachie nafasi apate mwingine. Sitaki kukimbilia la kwanza kabla ya haya mengine, maana mtu hawezi kuamua aseme nini kuhusu jambo ambalo yeye mwenyewe hajaelezwa likaeleweka.

Kwa hiyo tuanze na figo. Wengi wetu tunaijua figo kama kifumbu cha tui: maji yanapita, chicha inabaki. Kuchuja ni nusu ya kazi. Baada ya damu kuchujwa, kile kilichochujwa hupita kwenye mirija myembamba sana, na humo ndimo figo inapoamua irudishe nini mwilini na itupe nini. Kwenye mirija hiyo tindikali ya mwili husukumwa iende na mkojo, na potasiamu hulindwa isipotee ovyo. Kreatinini aliyokuonyesha daktari hupima uchujaji. Haisemi lolote kuhusu mirija. Kwa ugonjwa wako, chembe za kinga zimeingia kwenye nyama iliyozunguka mirija, na sehemu yake ya mwisho imeshindwa kuitoa tindikali. Damu inakuwa na tindikali nyingi huku mkojo hauna ya kutosha, potasiamu inatoroka na mkojo, na chokaa inajikusanya ndani ya figo. Vile vichembe vya ultrasaundi ndiyo hiyo chokaa. Basi daktari hakukuficha kitu: kipimo ni kizima na figo ina shida, yote mawili kwa pamoja.

Na miguu? Msuli bila potasiamu ya kutosha hauna nguvu ya kukaza. Hisia ziko njia nyingine, ndiyo maana mkono wa mama yako uliuhisi. Na ulipona upesi kwa sababu hakuna mshipa wa fahamu uliokufa wala msuli uliooza. Potasiamu ilirudi, nguvu zikarudi nayo. Majirani walikuwa na haki ya kushangaa, hata hospitalini wapo wanaoshangaa. Hata ile dripu iliyokuzidishia ina maelezo yake. Sukari ikiingia kwa wingi, mwili hutoa insulini, na insulini huisukuma potasiamu iliyo kwenye damu iingie ndani ya seli. Kwa mtu aliyebakiwa na kidogo, hicho kidogo nacho kinapungua kwenye damu. Sikuambii haya umlaumu mtu wa kituo. Mgonjwa aliyelegea alfajiri mahali penye malaria hupimwa malaria kwanza. Nakuambia ili neno "glukosi" ulikumbuke, na anayeishi nawe alikumbuke.

Ugonjwa wenyewe una jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyewaeleza wanawake 19 wenye macho makavu katika tasnifu yake ya mwaka 1933. Mpaka leo katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake. Wengi hujulikana kwa ukavu na maumivu ya viungo wakiwa watu wa makamo. Wachache figo zao huguswa, na katika hao wachache wapo ambao miguu hulegea kabla mtu yeyote hajawauliza habari za mate. Wewe uko kundi hilo. Kwa hiyo kuchelewa kujulikana kwako hakukuwa uzembe wako, na kashata hazina kosa. Kama bado hawajapima tezi ya thairoidi, lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili) na selimundu, waulize. Magonjwa hayo nayo yana njia zake za kuleta mambo yanayofanana na haya, na madaktari hupenda kuyaondoa mezani.

Kuhusu kuacha dawa uone, hapo sitazunguka. Hujapooza kwa sababu unazitumia. Potasiamu ya 1.9 haichezei miguu tu, huchezea mapigo ya moyo na misuli ya kupumua, na wewe kupumua kwa shida umeshakuonja. Ndizi na madafu ni chakula kizuri lakini haviwezi kuziba tundu la aina hiyo, wala haviiondoi tindikali. Dawa ikikushinda tumbo, au bei, au duka la dawa halina, mwambie daktari akubadilishie, usinyamaze. Tena usiongeze wala kupunguza mwenyewe, maana potasiamu ikizidi ni hatari vilevile. Na kwa maumivu ya viungo, diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kama pipi si rafiki wa figo zako.

Sasa mama yako.

Nadhani umemsikia kama mtu anayeona aibu. Jaribu kumsikiliza tena. Yeye ndiye aliyekushika vidole alfajiri ile, na ndiye aliyewasikia majirani wakimtafsiria mwanawe. Anaposema ukitaja figo watasikia kaburi, hakosei kuhusu watu. Kwetu neno figo likitajwa, mtu huona mashine ya kusafisha damu na michango ya matibabu. Anakulinda kwa njia anayoijua. Ninachojiuliza ni kama siri anayotaka uitunze inatunzika. Nifuate kidogo.

Dawa za potasiamu na bikabonati, ile inayopunguza tindikali, hunywewa mara kadhaa kwa siku, kila siku. Kwenu utanywa jikoni mbele ya mama. Kule utanywea wapi? Harusi ni Shaabani, na mwezi unaofuata nyumba nzima imefunga. Mke mpya, mama mkwe, futari inapikwa pamoja, na wewe mdomo wako hauna mate hata siku za kawaida, una chokaa kwenye figo inayotaka maji mengi, na una dozi ya mchana. Ukifunga kwa siri huku unaruka dozi, huenda mwili ukaizungumza siri yako alfajiri moja mbele ya watu ambao hawajui waanzie wapi. Ukila kwa siri, utaonekana mla mchana. Dini yenyewe haikukuwekea mtego huo. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na ambaye ugonjwa wake hauna matumaini ya kuisha hulisha maskini kwa kila siku anayokosa. Sheikh unayemwamini na daktari wako wakikaa upande mmoja wanaweza kukupangia jambo hilo kwa heshima. Lakini ruhusa hiyo inamtaka mtu mmoja wa nyumba ile ajue kwa nini.

Na siku ukilegea tena? Dawa ikiwepo si jambo la kila mwezi, lakini kuharisha tu au kutapika kunaweza kukushusha. Fikiria ni nani atakayekuwa chumbani. Kama hajui kitu, atamwita mama yake, mama yake atamwita yule mwenye kilinge. Siwadharau watu hao. Dua na kisomo havijawahi kumzuia mtu kufika hospitali ikiwa vinasomwa ndani ya gari. Ninachokihofia ni saa zinazopotea, na dawa za kutapisha na kuharisha ambazo zingekupotezea hiyo potasiamu kidogo iliyobaki, na baadhi ya mitishamba inayoumiza mirija hiyo hiyo ya figo.

Hayo ni upande mmoja wa mizani, na usidhani nimeshakuhukumia. Kusema nako kuna hatari. Huenda akajiondoa. Huenda asijiondoe, lakini akashindwa kulibeba peke yake akamwambia mama yake, na maneno yakafika msikitini kabla ya Ijumaa. Huenda familia ikadai majadiliano mapya. Utaumia, na mama yako ataumia mara mbili kwa kuwa alikuonya. Mtu asikuambie kwamba ukweli hauna gharama. Shoga yako anasema kunyamaza ni kudanganya. Mimi ningekuwa mwangalifu zaidi na neno hilo. Kuna mtu anayeficha ili apate, na kuna mtu ambaye bado anatafuta maneno. Wewe naona uko kwenye kutafuta maneno. Ila muda ukipita, mwenzako hatajua tofauti ya hao wawili.

Kati ya kumficha kabisa na kutangaza barazani kuna nafasi pana ambayo barua yako haikuigusa. Unaweza kumwambia yeye peke yake, ukamwomba mkubaliane pamoja nani mwingine ajue na lini. Unaweza kumpitisha mshenga, njia ambayo ina heshima yake kwa wazee, lakini mshenga hubeba neno "figo" bila maelezo ya mirija, na utakuwa umeliachia neno lisafiri peke yake. Unaweza kumpeleka mchumba kwa daktari akasikia mwenyewe na kuuliza; mwanamume anayeogopa mara nyingi hutulia akipewa kitu cha kufanya. Unaweza pia kuomba harusi isogezwe, ingawa hilo bila sababu litazua sababu zake. Na unaweza kumfuata mama kama anavyotaka, ukijua kwamba kuanzia siku ya kwanza utakuwa na kazi ya kuficha pamoja na kazi ya kuumwa. Kila njia hapo ina watu wazuri walioifuata.

Ukiamua kusema, umeniuliza uanzie wapi. Mimi nisingeanza na jina la ugonjwa wala na neno kupooza. Ningeanza na kinachotokea: mwili wangu unapoteza aina moja ya chumvi, nanywa dawa kuirudisha, nikiikosa misuli yangu inalegea na natakiwa nifikishwe hospitali upesi, nikiipata nakuwa kama unavyoniona. Ukomee hapo kwanza, umwache apumue, aulize. Lakini usiishie hapo siku zote. Kuna na yale ya baadaye: kwamba dawa ni za muda mrefu, pengine maisha yote, kwamba mawe ya figo yanaweza kuja, kwamba kwa baadhi ya watu uchujaji nao hupungua miaka ikienda na ndiyo sababu damu inapimwa mara kwa mara, na habari ya mtoto. Akijua nusu, atakuwa amekubali nusu.

Tuje kwa mtoto, maana nahisi hapa ndipo usingizi wako ulipopotelea.

Kingamwili aliyoitaja daktari nadhani ni ile iitwayo anti-Ro, lakini hakikisha kwenye cheti chako. Hupita kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na kwa baadhi ya watoto huumiza njia ya umeme wa moyo, mapigo yakawa ya polepole. Hilo likitokea kikamilifu halirudi nyuma. Wapo watoto wanaowekewa kifaa cha kuendesha mapigo, na wapo wasionusurika. Nimekuandikia hivyo bila kulainisha kwa sababu uliondoka chumbani kabla ya kusikia sehemu ya pili. Sehemu ya pili ni kwamba katika kila wajawazito 100 wenye kingamwili hiyo, hali hiyo huwapata watoto wa mmoja au wawili. Waliobaki huzaa watoto ambao moyo wao unapiga sawasawa. Wachache wa watoto hao huzaliwa na vipele ambavyo hutoweka kwa miezi ya mwanzo, kingamwili za mama zikiisha mwilini mwao.

Hatari ya moyo huja zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 24, kwa hiyo madaktari hupenda kuusikiliza na kuutazama moyo wa mtoto kwa ultrasaundi kuanzia wiki ya 16 au 18. Haidroksiklorokwini unayoitumia ni ya ukoo wa ile klorokwini ambayo wazee wetu walinywa kwa malaria, na ni miongoni mwa dawa ambazo wajawazito wenye magonjwa haya hushauriwa waendelee nazo. Hata imeonekana kupunguza hatari hiyo kwa akina mama ambao mtoto wa kwanza aliguswa. Kwa upande wa potasiamu, kutapika kwa miezi ya mwanzo kutakusumbua kuliko wengine, na dozi zitapimwa upya. Ndiyo maana alisema umwambie mapema. Hakusema usizae. Mimba yako ingetaka mpango, na mpango wa namna hiyo unataka watu wawili: nani atalipia safari za kliniki, hospitali gani ina mtu wa kutazama moyo wa mtoto, nani atashika zamu nyumbani. Jiulize kama unaweza kuyafanya hayo ukiwa umemficha baba wa mtoto. Pengine unaweza. Mimi nimeshindwa kuiona njia, lakini wewe unaijua nyumba ile.

Lipo jingine ambalo hukuuliza na huenda hukuambiwa. Somo wako atakufunda mengi kabla ya harusi, ila hili anaweza asilijue: ugonjwa huu hukausha pia sehemu za siri, na tendo la ndoa likauma. Mume asiyejua sababu anaweza kudhani hupendi, na wewe ukadhani ndiyo kasoro nyingine. Vipo vilainishi vya maji katika maduka ya dawa, na daktari wa wanawake ana zaidi ya hivyo. Nalisema waziwazi kwa kuwa nimewajua wanawake wenye ukavu wa namna hii waliovumilia maumivu miaka kwa kukosa wa kuwaambia.

Nirudi kwenye lile ulilolijibu kimyakimya. Unataka kuvunja posa ili apate mke mzima. Naliona pendo ndani yake, na sitasema ni kosa. Kuna uchumba unaovunjwa kwa heshima na watu wakaishi. Lakini angalia unachokifanya hapo: umekaa peke yako, umekuwa wewe, umekuwa yeye, umeuliza na ukajibu. Yeye hajaulizwa. Mama yako anamhofia asikukatae, na wewe unamkatalia mapema ili asipate nafasi ya kukukataa. Inawezekana akikusikia akasema hapana. Inawezekana pia akasema ana dada mwenye kisukari na nyumba yao inajua maana ya dawa za kila siku. Hatujui, mimi wala wewe. Ni mtu unayemwita mpole. Upole wake umeuona kwenye mambo gani? Alipokuwa na mgonjwa kwao alikuwaje? Aliposikia siri ya mtu aliipeleka wapi? Majibu ya maswali hayo unayo wewe, na yatakusaidia kuliko maoni yangu au ya shoga yako.

Lolote utakalolichagua, kuna jambo moja naomba lifanyike hata kama harusi itasogezwa au haitakuwepo kabisa. Mwombe daktari akuandikie karatasi fupi kwa Kiswahili: jina la ugonjwa, kwamba ukilegea ghafla upimwe potasiamu na umeme wa moyo mara moja, usipewe dripu ya glukosi kabla ya potasiamu kujulikana, na dawa zako ni hizi kwa dozi hizi. Moja ikae kwenye pochi, nyingine shuleni kwa mwalimu mkuu au mwenzako mmoja. Nyingine ikae unapolala, na aliye karibu ajue iko wapi.

Na kliniki ijayo usiende peke yako. Kuna maswali uliyoyaacha pale mlangoni, na mtu akiwa na hofu husikia sentensi ya kwanza tu. Yaandike kabisa, la mtoto likiwa la kwanza. Nenda na mtu atakayesikiliza zile sentensi nyingine: mama, kama utaona yeye ndiye anayehitaji kwanza kusikia kwamba figo zako hazijafa, shoga yako, au yeye mchumba wako. Utakapochagua wa kuongozana naye, niandikie, hata kwa mistari miwili.

Shangazi yako